Vipande Kumi na Vinne vya Gauni la Malkia

Jumatatu, 16 Februari

Mvua. Kikao cha asubuhi kilivunjika saa nne, nikarudi kwenye ghala la mavazi, nikajifungia na viatu vya mbilikimo. Niandike kwa utaratibu. Gus wa taa, Mungu amrehemu, alikuwa akisema hofu ukishaiandika inapungua kimo.

Msimu wa sita wa tamthilia yetu, *Bandari ya Viapo*, umepewa kipindi cha kusafiri katika wakati. Kila tamthilia ya ngano ikiishiwa maneno hukimbilia huko. Binti mfalme Bryony ataanguka kisimani na kutokea miaka thelathini nyuma, kwenye dansi ambako mama yake na baba yake walionana mara ya kwanza. Atampiga kikumbo mtumishi, sinia litamwagika, mama atakimbia nje kusafisha gauni, na baba atacheza na mwanamke mwingine. Wazazi wasipoonana, yeye hazaliwi. Kipindi kizima ni Bryony kuhangaika kuurudisha usiku ule mahali pake huku vidole vyake vikififia.

Dansi yenyewe tuliirekodi msimu wa kwanza. Harleen Basra, mtayarishaji wetu mpya, anataka picha za zamani na za sasa zichanganywe hadi mtazamaji asijue zipi ni zipi. Akanigeukia mbele ya watu wote.

"Wilma, lile gauni la kijani la malkia lipo?"

"Lipo," nikasema.

Daftari linasema lipo, sanduku namba 114, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Sanduku namba 114 lina mapazia.

Jumanne, 17 Februari

Mvua. Nimemshonea zimwi vifungo. Sikula.

Ijumaa, 20 Februari

Kuna desturi katika kazi yetu. Tamthilia ikifa, idara ya mavazi hukata masalio ya vitambaa na kumpa kila mtu kipande cha kumbukumbu. Masalio, nasema. Mabaki ya mezani.

Miaka minne iliyopita, mwisho wa msimu wa pili, tuliambiwa tumekufa. Watu walilia hadi madereva. Mimi nikafikiri masalio hayatoshi kwa msiba ule, nikalitoa gauni la kijani, mahameli yenye majani ya jimbi yaliyotariziwa kwa uzi wa fedha, nikalikata vipande kumi na vinne. Kila aliyepewa alinikumbatia. Nikaandika daftarini "imehifadhiwa" na nikajiambia si uongo, imehifadhiwa na watu kumi na wanne. Baada ya wiki tatu stesheni nyingine ikatununua, tukafufuka, na gauni halikufufuka nasi.

Yote hayo yangesameheka. Lakini gauni lile halikuwa langu. Lilishonwa na Lorraine Hamaguchi, mkataji wetu, rafiki yangu wa miaka ishirini na miwili. Wiki sita alitarizi yale majani kwa mkono, macho yakimtoka machozi. Siku niliyokata hakuwepo, alikuwa akimzika mama yake. Sehemu ya juu ya gauni sikuweza kuigawa. Niliitia kwenye bahasha, nikaweka na barua ya kumwomba radhi, nikamtumia kwa posta. Hakujibu. Akaacha kazi, akafungua duka la kurekebisha nguo hapo Moncton Street, na tangu siku hiyo mimi hupita upande wa pili wa barabara.

Sasa kamera zitawaka tarehe ishirini na nne Machi. Majuto ni mjukuu, na wangu ameshaota meno.

Jumatatu, 23 Februari

Njia ya mwongo ni fupi, kwa hiyo nimeifupisha mwenyewe. Nimeenda ofisini kwa Harleen, ambaye humu ndani nimekuwa nikimwita Bibi Jedwali kwa sababu hata kikohozi chake kimepangiwa dakika. Nimemweleza yote. Alisikiliza akiwa ameshika kikombe bila kunywa.

"Nani mwingine anajua?" akauliza.

"Watu kumi na watatu. Kumi na wanne, ila Gus alishafariki."

"Wilma, hiyo ni mali ya kampuni."

"Najua, bosi."

Akatazama mvua dirishani. "Mimi bado sijasikia kitu," akasema. "Tarehe ishirini na nne ikifika bila gauni, hapo nitakuwa nimesikia. Nitaifuta dansi, nitamfuta malkia, na wewe sitaweza kukukinga. Nenda."

Nilipofika mlangoni akaniita tena. "Hivi yale majani yalikuwa ya mkono kweli? Niliona kwenye televisheni nikiwa chuoni. Nikadhani ni kompyuta."

Sitamwita Bibi Jedwali tena. Labda mara mojamoja.

Alhamisi, 26 Februari

Vipande vitano. Baptiste, dereva, alikuwa amefungia vifaa vyake vya masikio, vya kumsaidia kusikia, ndani ya kipande chake. "Chukua," akasema kwa sauti ya mtu ambaye hasikii, "ila ukirudisha, kirudi hiki hiki. Nimekizoea." Odile wa jikoni alishona chake kikawa kofia ya birika. Mahameli ya Lorraine, wiki sita za macho yake, inanuka chai ya Odile na ina doa lenye umbo la ziwa.

"Si uliniambia nikitumie kwa upendo?" Odile akajitetea. "Birika hilo nalipenda."

Jumapili, 1 Machi

Vipande tisa. Mvua haijakoma tangu Alhamisi. Msusi wetu wa zamani yuko Nanaimo, nimevuka kwa feri kwenda na kurudi. Kipande chake kilikuwa sehemu ya kanzu ya ubatizo ya bintiye, kimeshonewa kifuani. Yeye mwenyewe alifumua, mshono baada ya mshono, mtoto akiwa amekaa mapajani akiuliza, "Mama, mbona unaharibu nguo yangu?" Akamjibu, "Siiharibu, naiazimisha." Nililia kwenye feri nikijifanya ni mafua.

Jumatano, 4 Machi

Vipande kumi na viwili. Sketi yote na mikono yote miwili.

Tamsin Orr, malkia mwenyewe, alileta chake mkononi. Alipoona nimevipanga sakafuni akapiga magoti, akaweka cha kwake mahali pake bila kuuliza. Kisha akajishika kiuno.

"Mama, nikwambie ukweli? Nimezaa mapacha tangu tucheze dansi ile. Hata ukilipata lote, halitafunga."

Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Sehemu ya juu ndiyo itakayombana, na sehemu ya juu iko Moncton Street.

Ijumaa, 6 Machi

Nimepita upande wa pili wa barabara. Mara mbili.

Jumamosi, 7 Machi

Mara tatu. Mara ya tatu alikuwa dirishani akimpima bwana mmoja suruali. Ana mvi sasa. Nilikuwa sijui.

Jumapili, 8 Machi

Usiku wa jana nilikanda unga wa pierogi, vile vifuko vya kuchemsha vyenye viazi na jibini, vya bibi yangu, kwa kuwa mkono mtupu haulambwi. Leo saa tano asubuhi nimevuka barabara.

Kibao cha duka lake kimefunikwa na watu wetu wa mandhari kwa ajili ya kurekodi. Kinasomeka *Vioo vya Mchawi*. Kengele ikalia, akainua kichwa kutoka kwenye cherehani, akanitazama kwa muda wa kutosha kutunga sindano.

"Umekuja kununua kioo?" akasema.

"Nimekuja kukuomba kitu, Lorraine."

"Miaka minne. Nikafikiri labda utakuja kuomba msamaha. Kumbe unaomba kitu."

Nikashangaa. "Msamaha niliomba. Nilikuandikia."

"Lini?"

"Kwenye bahasha. Pamoja na ile nguo."

Akaingia nyuma, nikasikia ngazi ikiburutwa. Akarudi na bahasha ya kahawia, akaipangusa vumbi kwa kiwiko, akaiweka mezani baina yetu. Stempu zangu. Mwandiko wangu. Gundi haijaguswa.

"Nilijua kilichomo," akasema. "Ilipofika ilikuwa laini. Nikaibonyeza nikasikia mahameli. Nimetoka kumzika mama, narudi kazini naambiwa Wilma kakata lile gauni anagawa kama keki. Ningeifungua ya nini? Nihesabu majani?"

"Hukuona barua."

"Sikufungua, Wilma. Ningeionaje?"

Miaka minne yote nilidhani ameisoma na kunikatalia. Miaka minne yeye alidhani sikuandika. Nilitaka kukaa chini lakini kiti kilikuwa na suruali ya yule bwana.

Akausogeza mkasi kwangu. "Fungua wewe. Wewe ndiye fundi wa kukata."

Nimestahili hilo. Nikafungua. Barua ikaanguka kwanza, akaiokota, akaikunja bila kuisoma, akaitia mfukoni mwa aproni. Kisha akaitandaza nguo, mgongo juu, na vidole vyake vikaenda moja kwa moja kwenye tundu, chini kidogo ya bega la kushoto, ukubwa wa kiganja.

"Na hapa?"

"Gus. Alikuwa mgonjwa tayari. Aliomba kipande cha hapo hasa. Yeye tu ndiye niliyemkatia kwenye kazi yako ya juu."

Gus alikuwa akimletea samaki wa kukaushwa kwa moshi kutoka kwao Sointula kila Krismasi. "Na kiko wapi sasa?" akauliza.

"Mkewe Aune alimzika nacho. Mfuko wa shati."

Lorraine akavuta kamasi, akainuka, akaenda kuweka maji jikoni. Nilijua pierogi imekubaliwa. Kuhusu nguo alikuwa bado hajasema.

Jumanne, 10 Machi

Nilikuwa nimeanza kuunganisha sketi peke yangu ghalani. Saa tatu mlango ukafunguliwa, Lorraine akaingia na boksi lake la pini, koti likitiririka maji. Hakunisalimia. Akaitazama sketi kwenye sanamu ya nguo kutoka mlangoni, hatua kumi.

"Cha tatu kutoka kushoto umekipindua."

"Sijakipindua."

"Manyoya ya mahameli yanalala kuelekea chini, Wilma. Hicho kinalala kuelekea juu. Kitaonekana cheusi kwenye kamera. Miaka yote hiyo kazini, bado unashona kama mtu wa mapazia."

Nimekifumua. Sijawahi kutukanwa nikafurahi namna ile.

Jumatano, 11 Machi

Tumeshona. Hajataja barua.

Ijumaa, 13 Machi

Tumeshona. Hajataja barua. Doa la chai la Odile limetoka kwa siki na mvuke, isipokuwa ukingo. Lorraine anasema ukingo utaingia kwenye kunjo.

Jumapili, 15 Machi

Tamsin amekuja kujaribu. Mimi nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumfariji. Lorraine akaigeuza sehemu ya juu, ndani nje, na mishononi mle kulikuwa na kitambaa kimekunjwa inchi moja na nusu kila upande. Nilikuwa nimesahau. Enzi zile tulimcheka sana kwa tabia hiyo, kwamba anapoteza mahameli.

"Mama yangu alikuwa akiwashonea wake za wavuvi hapa hapa," akasema, pini mdomoni. "Alisema mwili wa mtu haukai ulipouacha. Mwachie nafasi ya kubadilika, asikurudie amekasirika."

Akafumua, akaachia, akafunga upya. Likafunga. Tamsin akavuta pumzi yote kifuani na kuishusha, akanishika mkono, akamshika na Lorraine mkono, na kwa kuwa Lorraine alikuwa na pini mdomoni hakuweza kumfukuza.

Kama nisingeikata sehemu ile ya juu hata kidogo, ningeweza kujisifu. Nje ya tundu la Gus niliiacha nzima kwa sababu niliogopa kuigusa. Leo woga huo ndio uliotuokoa, na sijui kama hiyo ni sifa.

Jumanne, 17 Machi

Harleen amekuja kuona. Amezunguka sanamu mara mbili, pole pole.

"Mistari ya viungo inaonekana kwa karibu," akasema. "Hivi si kuna ile sanaa ya Kijapani, ya kuunga vyungu kwa dhahabu? Tungeweza—"

"Ujapani wangu ni wa jina tu, nimezaliwa nyumba ya tatu kutoka kwenye kiwanda cha samaki," Lorraine akamkatiza. "Baba alikuwa akiziba nyavu. Tundu la wavu ukilipaka dhahabu, samaki wanatoka wanakucheka. Tutaificha mishono, mwanangu."

Harleen akacheka hadi akasahau saa. Nimeona kwa macho yangu, alichelewa kikao kwa dakika sita.

Lakini tundu la mgongoni halina cha kulizibia. Hakuna mahameli hiyo tena, waliokuwa wakiifuma wamefunga. Aliyejaribu kupaka kitambaa kingine rangi ameleta kijani cha meza ya pool. Siku saba zimebaki.

Alhamisi, 19 Machi

Mvua. Tumejaribu hariri, tumejaribu rangi, tumejaribu kutarizi jani kubwa zaidi. Kila tukirudi nyuma hatua tano tundu linatutazama. Harleen amesema kwa upole kwamba mgongo wa malkia hauwezi kufichwa, dansi ni ya kuzunguka. Akasema atanipa mpaka Jumatatu.

Jumamosi, 21 Machi

Lorraine alisema tuangalie kipindi cha zamani, tuone mgongo ulivyoonekana. Tukakaa dukani kwake na kompyuta yake, pierogi zimebaki nane. Dansi ikaanza. Malkia akazunguka mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akarudisha nyuma, akaangalia tena. Mara ya nne akasimamisha.

"Mkono wake," akasema.

Mkono wa mfalme. Tangu hatua ya kwanza hadi ya mwisho kiganja chake kimetulia chini kidogo ya bega la kushoto la malkia, na hakitoki. Katika dansi nzima hakuna aliyewahi kupaona mahali pale. Isipokuwa mtu mmoja, aliyesimama juu ya ngazi na taa, saa kumi na nne za kazi, akihakikisha kiganja kile hakitupi kivuli.

"Ndiyo maana alipaomba," Lorraine akasema. "Mzee mjanja. Alichukua ambapo hapangeonekana kuwa pamekatwa."

Tukacheka, kisha tukalia, kisha tukala zile nane. Katikati ya pierogi ya tano yake akaniambia, akiwa anatazama sahani, "Barua nimesoma. Siku ile ile, ulipotoka."

Nimerudi nyumbani kwa miguu kwenye mvua, nikipita upande wake wa barabara.

Jumanne, 24 Machi

Imerekodiwa. Lorraine alisimama kando ya kamera na pini zake. Mfalme, ambaye goti lake linamsumbua siku hizi, aliambiwa jambo moja tu, mkono usitoke. Alicheza mara kumi na moja na mkono haukutoka. Bryony akasimama nyuma ya nguzo akiwatazama wazazi wake wakionana, na vidole vyake vikarudi. Mwongozaji akasema imetosha. Baptiste alikuwa amesimama mlangoni bila vifaa vyake vya masikio, kwa kuwa hana tena pa kuviweka, akauliza kwa sauti kubwa, "Wameonana?"

"Wameonana," akajibiwa na watu thelathini.

Harleen akapita nyuma yangu na jedwali lake. "Mimi sijasikia kitu," akaninong'oneza.

Ijumaa, 27 Machi

Jua. Mti wa cheri ulio mbele ya posta umechanua. Hakuna habari ya msimu ujao.

Ijumaa, 10 Aprili

Tumeambiwa. Huu ndio msimu wa mwisho, na safari hii hakuna stesheni ya kutufufua. Odile amepika keki na kuichoma. Kufikia adhuhuri watu walikuwa wakija ghalani mmoja mmoja, wakiangalia dari, wakiuliza hali yangu. Niliwaelewa. Walitaka vipande vyao.

Harleen alikuwa wa mwisho. Akaweka mezani karatasi ya kampuni yenye saini yake, gauni la kijani, limefutwa kwenye mali kwa uchakavu. "Limechakaa kweli," akasema bila kutabasamu. "Nina macho."

Nikauchukua mkasi. Kisha nikauweka, nikampigia simu Lorraine. Kwanza kuuliza, halafu kukata. Mtoto wa chekechea anajua.

Jumamosi, 11 Aprili

Alikuja na vile visu vidogo vya kufumulia, viwili, kimoja changu. "Mkasi wa nini?" akasema. "Mishono ipo. Tunafumua tu."

Tukakaa kila mtu upande wake wa sketi, tangu asubuhi hadi saa kumi. Kwenye sketi hakuna uzi mmoja wa mahameli uliokatwa. Kipande cha Baptiste kikawa cha Baptiste, cha Nanaimo kikaenda kwenye bahasha ya Nanaimo na jina la mtoto juu yake, cha Odile kikarudi na ukingo wa doa lake. Harleen hakuwahi kuwa na chake. Lorraine akakata akiba iliyobaki ndani ya mshono mmoja wa ubavuni wa sehemu yake ya juu, upana wa kidole kwa urefu wa mkono, akamsokotea utepe. Hakumweleza chochote. Harleen ameufunga kwenye jedwali.

Sehemu ya juu yenye tundu Lorraine aliikunja mwenyewe, akaenda nayo. Sikuuliza.

Alhamisi, 16 Aprili

Nimefuta vumbi ghalani. Nimeandika daftarini, sanduku namba 114, mapazia.

Jumamosi, 18 Aprili

Mvua nyepesi. Nimerudi kutoka sokoni nikakuta bahasha ya kahawia kwenye sanduku la posta. Haikupigwa muhuri wa posta, aliiweka kwa mkono wake, duka lake liko dakika saba kutoka hapa. Ilikuwa laini. Nikaibonyeza nikasikia mahameli.

Nimeifungua pale pale kwenye ngazi, kwa meno, koti sijavua, mifuko ya viazi miguuni. Ndani mlikuwa na kipande cha sehemu ya juu, cha ukubwa wa kiganja, chenye jani moja zima la jimbi, na karatasi.

*Jumapili saa sita. Tumbo langu limezoea pierogi, na kosa ni lako. Usipite upande wa pili. L.*